Muulize Mhunzi: Vyuma vya Mekoni katika Nyumba za Zamani

Mbukwenyi. Kipupwe kimeingia. Usiku hapa Dodoma joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14, na ule upepo wetu wa mashariki unapenya hata pale ulipodhani pamezibwa. Ndio wakati ambao wenye nyumba za zamani hukumbuka kwamba sebuleni wana mahali pa kuotea moto, na barua zinaanza kuja. Wengi mnapaita chimni, lakini chimni hasa ni dohani, lile bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa. Mimi pale chini napaita meko, na vifaa vinavyokaa pale navipenda kuliko kazi nyingine yoyote inayoingia karakanani kwangu hapa Majengo. Mwezi huu nimezijibu barua tano.

Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya zamani hapa Mpwapwa, kuta nene na paa la bati, yenye meko sebuleni. Ndani yake tumekuta bamba zito la chuma lenye picha ya maua, limeegemea ukuta wa nyuma. Pia kuna vyuma viwili vya miguu vyenye vichwa vya mviringo vya shaba, uzio mfupi wa shaba, koleo, kichocheo na kijiko cha majivu. Fundi rangi anasema tuvipige vyote rangi ya fedha. Mama mkwe anasema vikapimwe kilo, viuzwe chuma chakavu. Jirani yetu anaapa kwamba vilibebwa na wapagazi wa misafara. Tumsikilize nani? – Mama wa watoto wanne, Mpwapwa

Marahaba, mwanangu. Picha zako mjukuu wangu amenikuzia kwenye simu, nimezitazama jioni nzima. Msisikilize yeyote kati ya hao watatu, ingawa jirani yenu ametaja jambo zuri, nitalirudia.

Tuanze na bamba. Hicho ni chuma cha kusubu, yaani kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Mchonga mbao alichonga kwanza yale maua kwenye ubao, ubao ukagandamizwa mchangani, ukaondolewa, kisha uji wa chuma ukajaza nafasi yake. Geuza bamba lako utazame mgongo wake: utaukuta mkavu, wenye vipele vya mchanga. Uso ni wa ubao, mgongo ni wa mchanga. Kazi ya bamba ni kuyakinga matofali ya nyuma yasiliwe na moto, na kushika joto ili kuni zikishazimika sebule iendelee kupata uvuguvugu. Waingereza na Wafaransa wametumia mabamba haya kwa mamia ya miaka.

Vile vyuma viwili vya miguu, Waingereza na Wafaransa huviita mbwa, kwa jinsi vinavyojilaza kifudifudi mbele ya moto. Mimi naviita vyuma vya kuegemezea kuni. Gogo likilala chini kwenye majivu linafuka moshi tu. Likiinuliwa kidogo, hewa inapita chini yake na moto unashika. Bibi zetu walilijua hilo kwa mafiga matatu. Kile kichwa cha shaba kwa mbele ni urembo, lakini mkia wa nyuma unaobeba kuni ni chuma kitupu, maana shaba ya njano inayeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu, na hata kabla ya kuyeyuka inalegea. Ukiona mkia umeliwa na kuwa mwembamba, usishangae, ndio unaochomwa kila siku.

Uzio wa shaba ni wa kuzuia kaa linaloruka lisifike kwenye mkeka.

Sasa jirani. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Bamba lako kwa vipimo ulivyonipa halipungui kilo 50, na halikatiki vipande viwili ili wagawane. Lingeweza kuning'inizwa kwenye mti wakalibeba watu wawili, sikatai. Lakini picha yako ya nne inaonyesha chini ya mguu wa uzio pamegongwa herufi Rd na namba ya tarakimu sita inayoanza na 6. Hiyo ni namba ya usajili wa mchoro kule Uingereza. Namba hizo zilianza na 1 mwaka 1884, na kufikia 1900 zilikuwa zimepita 350,000. Kwa hiyo mchoro wa uzio wako ni wa karne ya 20. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na Waingereza waliichukua nchi kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Nikijumlisha hayo, nakisia uzio ulikuja kwa treni, ukashushwa stesheni ya Gulwe, ukapandishwa Mpwapwa kwa gari. Ingekuwa alama ya umbo la almasi, ningerudi nyuma zaidi, kwa sababu hiyo ilitumika kati ya 1842 na 1883. Kumbuka tu kwamba namba inaeleza mwaka mchoro uliposajiliwa, na kiwanda kingeweza kuendelea kuutengeneza mchoro huohuo miaka mingi baadaye.

Fundi rangi mwambie hapana, kwa heshima. Rangi ya fedha ikipata moto inatoa harufu, inababuka, na inaziba mistari ya maua. Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Tazama picha yako ya pili, upande wa kulia wa uzio, karibu na kona. Kuna mahali ambapo nakshi imelainika hadi inakaribia kupotea, na upande wa kushoto bado ni kali. Hapo ndipo mtu alipoanzia kusugua kila asubuhi, kwa mkono wa kulia, kwa miaka. Mwenye nyumba hakusugua shaba. Aliyesugua ni mtu wetu, Mgogo au Mkaguru, aliyeamka alfajiri kuzoa majivu na kung'arisha uzio kabla bwana hajaamka. Jina lake halikuandikwa popote, na alama ya kazi yake ni hiyo kona. Vyuma hivi vimetoka Uingereza, lakini uchakavu wake ni wa Mpwapwa. Ndiyo sababu nakusihi usiufute.

Naandika hivi kwa sababu mimi niliwahi kufuta. Nilikuwa kijana, nimenunua grenda yangu ya kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo, akaniletea bamba kutoka nyumba ya Uzunguni, limejaa kutu, akaomba nilisafishe. Juu yake kulikuwa na mnyama mwenye pembe za matawi, mnyama ambaye huku kwetu hayupo. Nikaliwekea grenda. Saa moja baadaye bamba lilikuwa linang'aa kama sinia. Alipokuja alipitisha kiganja juu yake, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha akaniuliza, "Yule mnyama yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Alinilipa, nikakataa, akaacha hela juu ya fuawe akaondoka. Tangu siku hiyo grenda haigusi kazi ya zamani katika karakana yangu.

Basi safisha hivi. Bamba na mikia ya vyuma: brashi kavu ya katani kwanza, kutoa masizi na majivu. Majivu yakipata unyevu yanakula chuma, kwa hiyo usiyaache humo tangu Agosti hadi Mei mwaka wa pili kama wengi wanavyofanya. Kutu nyepesi ilainishe kwa tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, iache usiku kucha, kisha sugua taratibu kwa nyuzi laini za chuma ukifuata mistari ya maua, usiikate. Utaishia kwenye rangi ya kahawia iliyokoza, karibu nyeusi. Simama hapo, kwa sababu weusi ule ndio unaokinga. Usitumie maji. Mafuta ya taa yakauke kabisa juani kabla moto haujawashwa tena. Kama meko hamtayatumia, paka nta ya nyuki nyembamba mno na ung'arishe kwa kitambaa. Kama mtawasha moto, acha nta, itafuka. Tumia unga wa grafaiti, ule mweusi wa kwenye penseli, upake kwa brashi na kusugua.

Shaba: maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha ifute ikauke palepale. Najua mtaniambia limau na chumvi, au ukwaju. Vinang'arisha kweli, kwa sababu asidi inayeyusha ile tabaka ya juu. Lakini shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ikikaa inatoa zinki na kuacha nyekundu. Utaona madoa ya waridi, na hayo hayarudi. Kama huna budi, pitisha upesi, suuza, kausha. Mimi natumia Brasso mara moja kwa mwaka, kwenye sehemu za juu tu, na kwenye mabonde ya nakshi naacha giza lake, kwa sababu bila giza hilo ua halionekani.

Mama mkwe mpe heshima yake, lakini mwonyeshe ile kona.

Mzee, nimejenga nyumba mpya Area C na fundi amenijengea meko ya urembo. Nimenunua seti ya vifaa, nikaambiwa ni shaba tupu ya zamani. Nitajuaje kama sikudanganywa? – Baba wa watatu, Dodoma mjini

Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu. Shaba haivutwi. Ikinasa kwenye sehemu inayoonekana ya njano, ni chuma kilichopakwa au kuvikwa shaba. Lakini usikasirike upesi: hata uzio wa zamani wa kweli una fremu ya chuma ndani au miguu ya chuma, kwa hiyo pima sehemu moja moja. Kisha geuza chini, mahali pasipoonekana, ukwaruze kidogo kwa ncha ya msumari. Njano ikiendelea ndani, umepata. Ikitokea kijivu, umepata rangi.

Kuna jaribio la tatu ninalolipenda. Pumulia nguzo ya shaba kwa karibu, kama unayesafisha miwani. Ukungu ukitanda unaweza kuona uzi mwembamba uliosimama tangu juu hadi chini, na mwingine upande wa pili. Nguzo nyingi za karne ya 18 zilimiminwa nusu mbili, zikaunganishwa kwa joto, na kiungo kikasuguliwa hadi jicho halikioni, ila pumzi inakifichua.

Skrubu nazo zitazame. Zikiwa na kichwa cha msalaba, hizo ni za kuanzia miaka ya 1930. Inawezekana ziliwekwa na fundi wa baadaye, lakini muulize aliyekuuzia.

Shikamoo babu. Tunaishi katika nyumba iliyokuwa ya wamisionari, Kondoa. Baridi ilipozidi tuliweka mkaa kwenye kile kitanda cha chuma cha mekoni, tukafunga madirisha. Watoto wakaumwa kichwa, mdogo akatapika. Halafu tukasikia mvumo ndani ya dohani, kumbe kuna nyuki. Je, tumeharibu nini? – Baba wa nyumba, Kondoa

Marahaba, na namshukuru Mungu mmeamka. Chumba kikifungwa, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Maumivu ya kichwa na kutapika ndiyo dalili zake za kwanza. Baada ya hapo mtu anapitiwa na usingizi ambao hauamki. Mkipata dalili hizo tena, tokeni nje wote mara moja, kisha mwende kituo cha afya, hata kama mmepata nafuu mkiwa njiani.

Dohani yenu imezibwa na masega. Moshi na hewa ya mkaa havikuwa na pa kwenda ila kurudi sebuleni. Msiwashe chochote mpaka mfuga nyuki awahamishe kwa utaratibu wake, usiku, na masega yote yatoke. Msijaribu kuwachoma kutoka chini. Nta ikishika moto ndani ya dohani yenye masizi, moto unapanda hadi kwenye paa.

Baada ya hapo, dohani ipigwe brashi kutoka juu, kisha pimeni kwa gazeti: liwasheni mekoni, madirisha yakiwa wazi kidogo. Moshi ukienda juu kwa haraka, dohani inavuta. Ukitanda mbele, bado. Mkaa wa kwetu unaowaka bila moshi unadanganya jicho, kwa hiyo hata dohani ikivuta, nawaomba muote kuni na dirisha moja liwe na upenyo. Jiko la mkaa la kubebeka lisiingie chumba cha kulala hata siku moja.

Hicho kitanda cha chuma kiko salama. Kikipoa kipigeni brashi tu. Na msikimwagie maji kikiwa na moto, kitalia na kupasuka.

Mzee, mimi ni mtumishi, nimepangiwa nyumba ya zamani ya serikali wilaya ya Manyoni. Amekuja mtu na gari, anataka anunue vyuma vya mekoni ili avisafirishe nje ya nchi. Bei yake ni nzuri. – Mpangaji

Mwanangu, nyumba si yako na vyuma si vyako. Vimo kwenye nyumba kama mlango ulivyo kwenye nyumba. Mwambie hapana, kisha umwandikie mwajiri wako kwamba vipo, na uweke picha. Kitu kisichoandikwa popote ndicho kinachopotea mtumishi anapohamishwa. Tunayo pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ofisi inayosimamia mambo ya kale ndiyo ya kuulizwa kabla kitu cha kihistoria hakijavuka mpaka. Mnunuzi mwenye nia njema hataogopa ukimtaka muende ofisini pamoja.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Kibaigwa. Nililetewa bamba la mekoni lililopasuka katikati. Nikalichomelea vizuri kwa vijiti vya kawaida. Lilipokuwa linapoa likalia kama risasi, likapasuka tena pembeni ya weldi. Nimekosea wapi? Pia nataka kutengeneza vyuma vipya kwa mtindo wa zamani niviuze. Nianzeje? – Kijana fundi, Kibaigwa

Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Hukukosea mkono, ulikosea kuitambua aina ya chuma. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4. Kaboni hiyo ndiyo inayokifanya kiyeyuke mapema, kwenye nyuzi 1,150 hadi 1,200, kikajaa vizuri kwenye kalibu. Lakini pia ndiyo inayokifanya kisipinde. Nondo ukiipasha inarefuka, ikipoa inajivuta, na haivunjiki. Bamba ukilipasha mahali pamoja, pale panajivuta wakati pengine pamelala baridi, na kwa kuwa haliwezi kupinda, linapasuka. Ule mlio uliousikia ndio huo. Ukiwa na shaka, gusa ukingo wa nyuma kwa jiwe la kunoa: chuma cha kusubu kinatoa cheche fupi, nyekundu, chache. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zenye mwanga.

Bamba la namna hiyo mimi silichomelei kabisa. Napanga vipande viwili kifudifudi juu ya mchanga, naweka kanda mbili za chuma bapa mgongoni, moja juu moja chini, natoboa taratibu kwa keekee ya mkono bila kukandamiza, kisha nafunga kwa bolti. Matundu ya kwenye kanda nayafanya marefu kama yai, ili chuma kikitanuka kwa joto kiwe na nafasi. Ufa utaonekana kwa mbele, na uonekane. Umekuwa sehemu ya bamba, na mwenye nyumba akiuona atajua pa kuliangalia.

Na kabla hujagusa kitu chochote cha shaba ya njano kwa moto wa kuchomelea, toka nje kwenye hewa. Zinki inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta jioni unatetemeka kwa homa kama ya malaria. Vilevile rangi kuukuu usiichome wala kuipiga grenda, nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuhusu kutengeneza vipya, nakuunga mkono kwa moyo wote. Anza na koleo. Baba yangu alinianzishia hapo pia, kwa vyuma chakavu vya reli, na alinikataza nisiguse kitu kingine mpaka nifue koleo linalofunga ncha mbili zikagusana bila kupishana. Lilinichukua miezi miwili. Kata fito mbili zilizo sawa, ziwe na urefu wa mkono, na chombeza moto wako uwe wa rangi ya chungwa iliyokolea, maana ukigonga kwenye wekundu hafifu chuma kinakakamaa. Sehemu ya kiungo ibapue iwe pana mara mbili ya fito, ndipo utoboe. Wengi hutoboa kwanza kisha wakabapua, na tundu linapinda. Ncha zinyooshe ziwe kama vidole vinavyookota punje ya mtama. Likishafunga, okota nalo kaa dogo lililowaka, ulitembeze ua mzima bila kulidondosha.

Lakini usikichakaze kitu kipya kwa chumvi na maji ukakiuza kama cha zamani. Kuna bamba la mwaka 1636 la msubu wa Kiingereza, Richard Lenard wa Brede, kule Sussex. Kwenye bamba hilo alijiweka yeye mwenyewe akiwa na nyundo, vifaa vyake vya kazi na mbwa wake, na jina lake na mwaka. Alimweka fundi. Kwa hiyo tengeneza patasi ndogo ya alama yako, hata iwe jembe au mbuyu, na kwenye kila kazi igonge chini ya mguu pamoja na mwaka na neno Kibaigwa. Igonge chuma kikiwa bado na wekundu, pigo moja tu, kwa sababu la pili huwa linaweka kivuli. Ukishafua koleo la kwanza, lilete Majengo tulijaribu kwenye moto wangu.